Kanga ya Shangazi

Nyasubi, Kahama
Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mdogo wangu Meshack,

“Dada, siku hizi ni kitu kisafi. Kuna glovu, kuna ganzi, kuna mhudumu mwenye koti jeupe. Mtoto hata halii.” Hayo ni maneno yako. Nimeyanakili kama ulivyoyaandika ili usije kusema nimekusingizia. Nimeyasoma jana baada ya misa, nikayasoma tena jioni, na mara zote mbili nimesikia kichefuchefu cha mtu aliyekuta unywele kwenye mboga akiwa ameshameza nusu.

Salamu kwanza, maana mama alitulea hivyo. Huku hatujambo. Goti langu limepata nafuu kidogo, mvua zimeanza, na vumbi la Nyasubi limegeuka tope. Natumaini wewe na wifi yangu Lukresia mko wazima huko machimboni, na Evelina vilevile. Matokeo yake ya darasa la saba nimeyaona. Wastani wa B! Nimemwonyesha hata mama anayeniuzia nyanya.

Sasa tuje kwenye usafi wako.

Kisu kilichochemshwa ni kisafi pia, Meshack, na bado ni kisu. Glovu haimlindi mtoto na mkono ulio ndani yake. Ganzi inakwisha kabla chai haijapoa, lakini kovu atazeeka nalo. Na hilo la kwamba mtoto halii, sijui umelisema kwa kichwa gani. Mtu akilazwa usingizi akaibiwa figo, naye halii. Tuseme hajaibiwa? Mhudumu mwenye koti jeupe alifundishwa kushona kilichochanika. Akianza kukata kilicho kizima, koti lake lina heshima gani kuliko gunia?

Usiniandikie tena “tohara”. Ni ukeketaji. Unamkata mtoto wa miaka kumi na tatu nyama yake iliyo hai, isiyo na ugonjwa, halafu unampikia pilau.

Tena unaniomba mimi, shangazi yake, nije nisimame nyuma yake nimshike mabega. Nikishindwa, nitume kanga tu, kwa kuwa wazee wa ukoo wetu hawamgusi binti mpaka shangazi atoe mkono wake. Hilo nalijua kuliko wewe. Mwaka 2012 nilimshika mabega Dorah, mwanao wa kwanza. Nilikuwa na miaka arobaini, mwalimu wa Uraia, nimewafundisha watoto wa watu haki za binadamu ubaoni kwa chaki. Likizo ilipofika nikapanda basi hadi Tarime nikamshika mtoto wetu kwa mikono ileile. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Aligeuza shingo akanitazama. Sikuwa mjinga, Meshack. Nilikuwa mwoga, nikauita woga wangu heshima.

Kwa hiyo sitakuja. Na kanga sitatuma, hata uzi wake.

Jambo la mwisho. Umesema nisijibu kwa simu kwa sababu ujumbe wa simu siku hizi unapelekwa mahakamani, bali barua nimpe Mihayo, kondakta wa basi la Ushirombo. Nimempa. Lakini jiulize: mtu anayefanya jambo safi anamtafutia kondakta wa nini?

Mwache mtoto.

Dada yako,
Bhoke


Machimbo ya Ikindwa, Bukombe
11 Novemba 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mihayo ameniletea barua yako akiwa ameishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba kaa la moto. Nikamuuliza, “Umeifungua?” Akasema, “Sijaifungua, kaka, ila inaunguza.” Anakufahamu.

Sisi huku wazima kwa neema za Mungu. Lukresia anakusalimu. Evelina anasoma vitabu ulivyomletea Pasaka, hata chooni anaingia navyo. Pole kwa goti.

Dada, wewe ukikasirika unaandika vizuri, lakini sikiliza na upande wangu. Wewe una kazi ya serikali, mimi nakula mawe. Duara letu la dhahabu limekauka tangu Juni. Tumeshuka mita sitini, tunatoa kifusi tu, karasha limelala halina mawe ya kusaga. Tuko wanaume watano, wote wa nyumbani, na Januari ndiye mwenye hisa kubwa. Wanasema nini? Wanasema shimo haliwezi kutoa dhahabu wakati mwenzetu mmoja anaishi na msagane. Neno hilo unalijua, binti asiyepitia mila, mchafu, nuksi. Juzi mke wa Januari alimkuta Evelina bombani akamwaga ndoo yake, akasema hachoti maji baada ya msagane. Mtoto alirudi bila maji na bila ndoo. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Wakinitoa kwenye duara, nina nini tena? Miaka tisa nimechimba hapo.

Halafu umesahau mwaka. Huu ni wa shufwa, na wazee hawafungui msimu mwaka wa witiri. Tukikosa Desemba hii ni mpaka 2026, naye atakuwa na kumi na tano, atakuwa mkaidi kama wewe.

Na hofu yako ya askari iondoe. Nyumbani Tarime ndiko kuna shida, kuna nyumba za kuwaficha mabinti, kuna masista, kila mwenyekiti wa kijiji amekula semina. Huku nani atafikiria? Wasukuma na Wasumbwa hawana mila hii. Hata wakiona hawajui wanachokiona. Ndiyo maana mhudumu amekubali kuja huku.

Swali langu moja, usinikasirikie. Wewe ulikatwa, tena kwa wembe, bila ganzi. Umezaa watatu, umesoma, umeheshimika. Ulikufa?

Nakuomba kanga tu, dada.

Mdogo wako,
Meshack


Nyasubi, Kahama
14 Novemba 2024

Meshack,

Marahaba. Wazima sote. Umeuliza kama nilikufa. Nakujibu, halafu usiniulize tena mpaka tunaingia kaburini.

Sikufa. Nilikaa siku tatu nikizuia mkojo kwa sababu kila tone lilikuwa pilipili. Nimezaa watatu, na kila mmoja alitoka kwa kunichana upya palipokuwa na kovu. Nimeishi na mume mwema miaka ishirini na sita, na mpaka leo sijui kile ambacho wanawake wenzangu wanachekea jikoni. Nacheka nao ili nisionekane. Wewe hukusikia chochote kwa sababu tulifundishwa kutosikika. Kwa hiyo kipimo chako cha mila njema ni kwamba mtu hakufa? Hata ng'ombe tunamtakia zaidi ya hapo.

Nije kwenye duara lako. Hapa ndipo nimeishiwa heshima kabisa.

Duara la Ngusa liko umbali gani na lenu? Hatua arobaini? Ulinionyesha mwenyewe nilipokuja Pasaka. Ngusa ni Msukuma, ana mabinti sita, hakuna hata mmoja aliyeguswa na wembe wala atakayeguswa, na ulinilalamikia kwamba karasha lake linakunyima usingizi. Sasa nieleze, ewe mchimbaji wa miaka tisa: dhahabu iliyo chini yenu inachungulia sketi za mabinti wa Kikurya peke yao, ikifika kwa Ngusa inafumba macho? Mnashuka mita sitini mmekosa mshipa, badala ya kukiri kwamba mmechimba kombo, mnakwenda kuukata mwili wa mtoto mkitafuta mawe. Wanaume watano wazima! Wenye ndevu! Mkikosa dhahabu kwenye mwamba mnaitafuta kwenye mtoto wa darasa la saba. Natema mate nikiandika.

Na mke wa Januari aliyemwaga ndoo, ulipaswa kumnunulia mwanao ndoo nyingine kisha umwendee Januari mlangoni. Wewe ukaona dawa ni kumkata aliyemwagiwa.

Sasa Dorah. Lini umemwona? Nauliza kwa sababu mimi nilikuwa kwake Samuye Agosti, na hukuulizia hata siku moja kilichotokea, uliambiwa “mtoto hakukaa” ukasema Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Alikuwa kwenye uchungu siku mbili. Kovu lile halikutaka kutanuka. Mtoto, mjukuu wako wa kwanza, alitoka ameshachoka kuishi. Mkunga wa zamu alikuwa binti wa Kisukuma, mdogo, hajawahi kuona kitu kama kile. Akatoka nje akamuuliza mume wa Dorah, “Mkeo aliungua moto lini?” Na Mabula, yule kijana mkulima asiyejua kusema uongo, akajibu, “Sijui, mayu. Nilimkuta hivyo. Nikadhani ndivyo walivyo huko kwao.”

Ndivyo tulivyo huko kwetu! Unaona fahari hapo? Unasema huku ni salama kwa sababu majirani hawajui wanachokiona. Mkunga naye hakujua alichokiona, na kwa kutojua kwake zilipotea saa ambazo zingemwokoa mtoto. Umechagua mahali pa kujificha palepale ambapo hakuna wa kumwokoa mwanao.

Sheria unaijua, lakini nitaiandika iwe mbele yako: kumkeketa aliye chini ya miaka kumi na minane ni kifungo, miaka mitano hadi kumi na tano, na baba anayemtoa mwanawe hana tofauti na anayeshika kisu. Nina njia fupi kutoka hapa hadi dawati la jinsia. Sijaipita kwa sababu tumenyonya ziwa moja. Nakupa wiki mbili uniandikie kwamba umeacha. Baada ya hapo nitakwenda kwa miguu yangu, na goti hili bovu.

Dada yako,
Bhoke


Ikindwa
27 Novemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima na watoto wako wazima. Sisi tunaendelea vizuri, mvua inatusumbua, maji yanajaa mashimoni.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya aibu. Nilimsomea Lukresia barua yako, tukafika kwa Dorah nikashindwa kuendelea, akachukua akamaliza yeye. Hatukulala. Sikujua, dada. Wallahi sikujua hayo ya Samuye.

Nimeacha. Nimemwambia Januari mbele ya wenzake, wakitaka kunitoa kwenye duara wanitoe. Amenuna lakini amenyamaza.

Kuna habari njema. Evelina atapata kipaimara Jumapili tarehe 15 Desemba, baba askofu anapita kigangoni kwetu. Tutafanya karamu ndogo, mbuzi mmoja na soda. Angefurahi mno kama shangazi yake angekuwepo. Najua kazi zako za shule, kama huwezi kuja mtumie japo nguo ya kujifunika akitoka kanisani, hata kanga inatosha, aone kwamba hukumkasirikia kwa makosa yangu.

Unisamehe.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Meshack


Nyasubi, Kahama
30 Novemba 2024

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikaingia ndani nikalia, halafu nikajicheka. Umri huu, kulia na kifuko cha dagaa mkononi!

Nilikuwa nimepanga kwenda polisi Jumatatu. Siendi tena. Nilikutukana, na matusi sitayafuta kwa sababu yalikuwa ya haki, lakini nayaweka chini. Mwanamume anayeweza kuwaambia wenzake wanne “nitoeni” ni mwanamume. Baba angekuwa hai angekununulia bia.

Kuja siwezi. Nimeitwa kusahihisha mitihani Shinyanga mjini, na hatuachiwi mpaka tarehe 16. Lakini Mihayo anakuletea kanga, doti nzima, nyekundu na nyeupe, imeandikwa “Furaha ya mzazi ni mwana”. Nimeichagua mwenyewe sokoni, nimegombana na muuzaji hadi akaniuliza kama namnunulia malkia. Nikamwambia ndiyo. Mwambie Evelina ajifunike mabega nayo akitoka kanisani, na picha nipigiwe.

Nilimpigia Lukresia nimpongeze. Alisema, “Ni kweli, wifi, ni kipaimara,” simu ikakatika. Mtandao wenu huko ni balaa.

Mungu awabariki.

Dada yako mwenye furaha,
Bhoke


Ikindwa
Jumatatu, 16 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo. Ukipata barua hii usipige simu, nimeizima. Mpe Mihayo jibu papo hapo, nimemwambia akusubiri.

Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Shughuli ilifanyika Jumamosi. Sikuwa na njia, dada, walishachanga, mhudumu alishalipwa, wazee walishakuja kutoka nyumbani. Kanga yako ilipofika walisema shangazi ametoa mkono, hakuna kizuizi tena. Mimi ni nani?

Ilianza vizuri. Ganzi alichomwa. Lakini damu haikukata haraka kama alivyosema. Mhudumu aliweka pamba nyingi akasema itakoma, akaenda kuchukua dawa kwenye gari, hakurudi. Damu imepungua lakini Evelina hajakojoa tangu jana asubuhi, tumbo limejaa, mwili unachemka, anaongea mambo yasiyoeleweka. Lukresia anasema hospitali. Nikimpeleka hospitali wataniuliza. Unajua watakachoniuliza.

Wewe una watu, una manesi unaowafahamu. Nitumie dawa ya kufungua mkojo na ya homa, uandike inavyotumika, Mihayo ailete leo hii hii. Hii barua ichome.

Nisaidie, dada yangu.

Mdogo wako,
Meshack


Hospitalini, Ushirombo
Jumapili, 22 Desemba 2024

Meshack,

Hali sikuulizi. Naijua: umelala sakafuni mahabusu, una kunguni, na una kibofu kinachofanya kazi. Kibofu ndicho mwanao alichokosa siku mbili.

Barua yako niliikuta Jumanne asubuhi. Jumatatu nilikuwa bado Shinyanga, Mihayo akaichomeka chini ya mlango akaendelea na safari. Siku nzima na usiku mzima ilikaa sakafuni kwangu. Ulikuwa na simu mfukoni. Mtoto anavuja damu, wewe unatafuta bahasha! Ulikunja karatasi, ukaandika “shikamoo”, ukalamba gundi. Nimelifikiria hilo kwenye benchi hili siku tano na bado sijapata jina lake. Mnyama simtukani kwa kumlinganisha nawe.

Nilifika Ikindwa saa sita mchana nikakuta mlango umefungwa. Aliyenipokea ni Bernadina, yule mama lishe Msumbwa mwenye kibanda pembeni ya karasha lenu. Alikuwa ametoka hospitali kuchukua sufuria na nguo. Alinisimulia akiwa anafunga mzigo.

“Jumamosi karasha lenu liliwashwa asubuhi, mwalimu. Nikasema, mawe wameyatoa wapi? Duara si limekauka? Nikadhani wamebahatika. Nikawapikia ugali na kuku nikawapelekea, kuwapongeza.”

“Na wao?”

“Wakala. Wakasema asante mama.”

Nielewe ninavyokwambia polepole. Mliwasha karasha lisilo na jiwe ndani ili watu wasisikie sauti ya mtoto aliyechomwa ganzi, yule ambaye uliniandikia kwamba hata halii. Na mkala kuku.

Jumatatu jioni Bernadina alimpelekea Evelina uji. Alipomfunua kanga akamuuliza mkeo, “Huyu kafanyiwa nini?” Lukresia akaangalia mlango kwanza, akasema, “Tumbo tu.” Bernadina akamwambia, “Shoga, tumbo halitoki damu huku.” Hakujua jina la kitu alichokiona. Hakuhitaji jina. Alimweka mtoto kwenye bodaboda, yeye akakaa nyuma akimkumbatia, Lukresia akafuata kwa nyingine. Ndani ya nusu saa walikuwa barabarani. Wewe, baba, ulikuwa na siku mbili na nusu.

Evelina yuko hai. Ameongezewa damu chupa mbili, mpira wa mkojo umetolewa jana, homa imeshuka. Daktari anasema atatembea, na nikimuuliza kuhusu kuzaa anatazama karatasi. Dorah amekuja kutoka Samuye, analala chini ya kitanda cha mdogo wake. Dorah anamchana nywele.

Juzi Evelina aliniuliza, “Shangazi, ile kanga ni wewe kweli uliyetuma?”

Nikasema ni mimi.

“Nilikuwa nimepanga kukimbia. Nilishaweka viatu dirishani. Baba akaniletea kanga akasema, ona, hata shangazi amekubali. Nikasema basi, kama shangazi amekubali, itakuwa hawakati sana.”

Nilimwambia niliituma kwa ajili ya kipaimara.

Uliijua nguvu ya kanga hiyo, ukaiomba kwa jina la kanisa. Karamu ya mbuzi katikati ya Majilio, wakati wa toba, na mimi mwanamke wa jumuiya, msomaji wa kila kitu, sikumpigia hata katekista kuuliza askofu gani anapita. Simu ya Lukresia ilikatika nikalaumu mtandao. Nilikupa wiki mbili. Ningekwenda polisi siku ile ya tarehe kumi na nne, Evelina angekuwa ananunua sare za kidato cha kwanza. Nimekuwa na midomo mikali maisha yangu yote, na siku midomo ilipotakiwa kituoni nikaibakiza kwenye karatasi kwa sababu ya ziwa la mama. Hilo ni langu, nitalibeba. Halipunguzi lako hata punje.

Barua zako zote nimezikabidhi dawati la jinsia. Na zangu pia: nilitoa nakala za mkono kabla ya kuzituma, tabia ya mwalimu. Afande alizisoma zote, akarudi kwenye ile ya kwanza. “Mwalimu, hapa kwenye habari za 2012 umejitaja mwenyewe. Unajua maana yake?” Nikamwambia najua, nimeandika mimi. Aliandika jina langu kwenye kitabu, chini ya lako. Nitaitwa, nitakwenda.

Sasa nasema na watu wawili. Nasikia mmewekwa chumba kimoja, wewe na Januari, kwa hiyo msomee kwa sauti.

Evelina ametueleza kwamba hakuwa peke yake Jumamosi ile. Walikuwa wawili kwenye mstari, na nyuma yake alisimama Vumilia, binti wa Januari, ana miaka kumi. Damu ilipokataa kukata mhudumu alikimbia kabla ya kumfikia. Jioni ileile bibi yake alimpakia Vumilia kwenye gari, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Mke wa Januari anasema hajui alikopelekwa. Bernadina alimwambia usoni kwamba anadanganya, akajibiwa, “Mambo ya mila si ya Wasumbwa.” Mhudumu naye yuko nje, na begi lake, na pesa yenu ameshakula. Mwaka wa shufwa umebakiza siku tisa, na wazee hawatasubiri 2026. Mnajua hilo kuliko askari yeyote wa Ushirombo.

Januari, sikujui vizuri, na ninachokijua kinanitosha kukuchukia. Lakini mwanao hajaguswa bado. Huyo wa Meshack tumechelewa. Wako bado ni mzima.

Meshack, usiniandikie msamaha. Usimwandikie Evelina. Usinitumie salamu. Askari aliyekuletea barua hii ana karatasi na kalamu, nimemwomba asubiri. Andikeni Vumilia yuko kijiji gani, yuko nyumba ya nani, na jina la mhudumu kama lilivyo kwenye cheti chake. Wewe kwa mkono wako, na Januari kwa wake. Msiseme kesho. Andikeni sasa hivi, kabla hajaondoka hapo mlangoni.

Shangazi yake Evelina,
Bhoke